Mashine za Hospitali Zataka Fundi wa Hapa Hapa Kusini

Na Mwanachama wa Ziwani, Mtwara

Sisi watu wa Kusini twaifahamu mashine iliyokufa kuliko watu wengine wote wa nchi hii. Mji wenyewe wa Mtwara ulianza kujengwa kwa ajili ya mashine. Mwaka 1947 mkoloni alikuja na Mpango wake wa Karanga, akaleta matrekta yaliyobaki vitani, mengine yakiwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, akayatia porini Kongwa, na baadaye akaja nayo huku kwetu Nachingwea. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imelala. Vipuri havikupatikana upesi, karakana hazikutosha, na wenyeji waliokabidhiwa usukani hawakupewa elimu ya kutosha ya kuyatunza. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, nayo imekwisha kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Bandari yetu, iliyokusudiwa kupakia karanga, ilimalizika mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa, na karanga zenyewe hazikuonekana. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Baada ya Uhuru tulijaribu vya kwetu. Katika miaka ya 1970 viliinuka viwanda vya kubangua korosho, kwa fedha za mkopo na kwa mashine za Wataliana na Wajapani. Vingi vilifungwa katika miaka ya 1980 vikageuka maghala. Sababu zilikuwa nyingi, na korosho zenyewe zilipungua sana wakati ule, wala sitaki kumtwika fundi lawama yote. Lakini nani kati yetu asiyejua kwamba mashine ikikosa mkono wa kuitunza hugeuka chuma chakavu, hata kama iliingia mjini kwa ngoma na vigelegele?

Nimeanza mbali kwa makusudi. Leo mashine zinazoingia Kusini ni za hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2021. Kabla ya hapo mgonjwa wetu aliyehitaji vipimo vikubwa alisafirishwa mpaka Muhimbili, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na wengine hawakurudi kusimulia safari. Hospitali ya Ligula nayo ipo, za wilaya zipo, vituo vya afya vipo, na zahanati zimeongezeka vijijini. Hayo ni matunda ya Uhuru, na mwanachama asiyeyaona ana macho ya kuazima. Swali langu ni hili: mashine hizo zikiharibika usiku wa manane, nani atakayeamshwa? Jina lake nani, anakaa wapi, na je, ana bisibisi?

Kazi ya mtu huyo watu wengi hawaijui. Mtoto wa shule wa hapa Ziwani ukimwuliza anataka kuwa nani, atasema mganga, au mwalimu, au askari. Siku hizi huenda akasema mtu wa gesi. Sijamsikia hata mmoja akisema mhandisi wa vifaa tiba. Basi na ijulikane kwamba mhandisi wa vifaa tiba ni yule mwenye shahada, na fundi sanifu wa vifaa tiba ni yule mwenye stashahada. Wote wawili hujifunza umeme, elektroniki, mabomba, mvuke na hewa yenye mgandamizo, halafu hujifunza na mwili wa binadamu, kwa kuwa vyombo watakavyovishika vitafungwa juu ya mwili huo. Elimu hiyo hutolewa katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo asili yake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957, na katika Chuo cha Ufundi Arusha, na pia katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Msomaji atatambua mwenyewe kwamba katika vyuo hivyo nilivyovitaja hakuna kimoja kilichoko kusini ya mto Rufiji.

Nitatoa mfano wa chombo kimoja tu, maana hicho kikieleweka vingine vitaeleweka. Katika wodi za watoto huwapo kisanduku chenye magurudumu kinachonguruma mchana na usiku. Kazi yake ni kutengeneza oksijeni kutoka katika hewa hii hii tunayoivuta sote. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 kwa mia, na sehemu 78 ni naitrojeni. Kisanduku huivuta hewa, huikandamiza kwa pampu, kisha huipitisha katika mitungi iliyojaa punje za madini yaitwayo zeolaiti. Punje hizo huikamata naitrojeni, na kinachotokea upande wa pili ni oksijeni ya sehemu 90 na zaidi kwa mia. Hiyo ndiyo inayokwenda puani mwa mtoto mwenye nimonia, au mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa.

Sasa sikilizeni hatari yake. Chujio la hewa likijaa vumbi, pampu huelemewa na kupata moto. Unyevu ukiingia katika zeolaiti, punje hupoteza nguvu. Lakini kisanduku hakinyamazi! Kitaendelea kunguruma, chupa ya maji itaendelea kutoa mapovu, mama ataona mrija umekaa puani mwa mwanawe naye atamshukuru Mungu. Kumbe anachovuta mtoto yule kinakaribia kuwa hewa ya barazani. Viko visanduku vyenye taa ya kuonya, lakini taa nayo ni kifaa, nayo huharibika. Mtu wa kuligundua jambo hilo ni yule mwenye kipimo cha oksijeni mkononi na zamu ya kupita wodini. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku hawezi kulaumiwa kwa kutojua yaliyomo ndani ya sanduku lililofungwa kwa skrubu. Na chujio lenyewe je? Huoshwa kwa maji na sabuni, likaanikwa, likarudishwa mahali pake. Ni kazi ya dakika chache kwa wiki. Tofauti ya mtoto kupona na kutopona yaweza kuwa ni dakika hizo.

Pwani yetu hii yaongeza taabu. Upepo wa Mnazi Bay una chumvi, na chumvi hula mabati ya nyumba zetu, seuze waya mwembamba wa ndani ya mashine. Unyevu wa masika huingia kila mahali. Umeme ukipanda na kushuka huunguza fyuzi na vibao vya elektroniki. Mashine nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya nchi za baridi, ambako umeme hautikisiki na hewa ni kavu. Zikifika huku zahitaji mtu anayeijua hali ya hapa, anayejua lini afungue, wapi apangusie, na kifaa gani akifunge kati ya mashine na ukuta ili umeme usiiunguze.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wodi za mjini tu. Zahanati ya kijiji ina friji ya chanjo, ambayo lazima ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikipanda juu kwa muda mrefu chanjo huharibika, nayo haibadiliki rangi kumwambia mama kwamba imekufa. Kuna jungu la mvuke la kuchemshia vyombo vya kuzalishia, ambalo lafaa lifike nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15. Mpira wa mfuniko ukichakaa mvuke hutoroka, joto halifiki, na vyombo hutoka vikiwa vimelowa tu wala havikutakasika. Kuna mizani ya watoto. Mizani ikidanganya robo kilo, dozi ya dawa nayo inadanganya. Hakuna hata kimoja katika vitu hivi kinachohitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Vyahitaji fundi mwenye pikipiki, sanduku la zana, na ratiba ya kupita kutoka Ziwani mpaka Kitaya.

Taifa zima lilipata somo lake tarehe 9 Novemba 1915? La, si zamani hivyo. Ni mwaka 2015, siku chache tu baada ya Rais Magufuli kuapishwa. Alifika Muhimbili kwa ghafla akakuta mashine kubwa za kupigia picha, ile ya MRI na ile ya CT, hazifanyi kazi, na wagonjwa wanaelekezwa kwenda kulipa kwingine. Alivunja bodi ya hospitali na kumwondoa kaimu mkurugenzi. Magazeti yaliandika sana juu ya bodi na mkurugenzi. Juu ya fundi sikusoma hata mstari. Hakuna aliyeuliza hospitali kubwa kuliko zote nchini ina mafundi wangapi wanaoruhusiwa kuigusa mashine ile, wamefundishwa na nani, na fungu lao la vipuri ni kiasi gani. Nasi tukaendelea kuamini kwamba mashine huponywa kwa ukali wa mkubwa. Ukali husaidia, sikatai. Lakini ukali hauzibi bomba linalovuja.

Tuwatazame na wenzetu waliohesabu. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, walikusanya hesabu za vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo. Waliona kwamba karibu vinne katika kila kumi havifanyi kazi. Mwaka mmoja nyuma Malkin na mwenzake Keane walikuwa wamechunguza maombi ya matengenezo zaidi ya 2,800 kutoka hospitali 60 za namna yetu. Walichokiona ni cha kushangaza: karibu theluthi mbili ya vifaa vilivyokufa vingeweza kufufuliwa kwa ujuzi wa kawaida, umeme, mabomba, injini ndogo, kumfundisha mtumiaji, pasipo kuagiza kipuri ng'ambo. Theluthi mbili, ndugu zangu! Yaani zaidi ya nusu ya makaburi ya mashine yaliyojaa stoo za hospitali za Afrika yana maiti waliozikwa hai.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2015 serikali yao ilikodi mashine kutoka makampuni ya nje kwa ajili ya hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nyingine nne za taifa, na makampuni hayo yakachukua pia kazi ya kuzitunza. Kwa maneno ilikuwa nzuri: mwenye mashine ndiye mwenye taabu. Baadaye Seneti yao iliunda kamati, na taarifa yake ya mwaka 2020 ilieleza mambo machungu, gharama kubwa na mashine zilizokaa bure mahali pengine kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Sisemi kwamba kila mkataba ni mbaya. Mashine ya CT ina siri ambazo kiwanda hakimpi kila mtu, na mkataba wa matengenezo kwa mashine kama hiyo ni jambo la busara. Lakini mkataba husainiwa na watu wawili. Ikiwa upande wetu hakuna mhandisi anayejua kusoma kilichoandikwa humo, na anayeweza kusimama kando ya fundi wa kampuni akasema hapa hujafanya, basi mkataba huo ni wa mtu mmoja.

Yuko ndugu atakayeniambia: wewe wazungumza habari za mafundi na waganga wenyewe hawatoshi, tuajiri kwanza waganga na wauguzi. Hoja hii ina uzito, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Lakini tujiulize mganga huyo atafanya nini. Mpasuaji hawezi kupasua pasipo mashine ya usingizi, pasipo taa, pasipo vyombo vilivyotakaswa. Taifa hutumia miaka mingi na fedha nyingi kumsomesha mpasuaji, kisha akaja Mtwara kukaa kitako akingoja fyuzi. Mshahara wake unakwenda, mgonjwa anarudishwa nyumbani. Kumwajiri fundi mmoja ni kuwapa kazi waganga watano tulio nao tayari.

Mwingine atasema fundi yuko Dar es Salaam, simu ipo, atakuja. Mgeni njoo mwenyeji apone, sivyo? Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, kule Somanga na sehemu nyingine, na magari yalikwama kwa siku kadhaa. Mtoto aliyekuwa kwenye oksijeni hakusubiri daraja. Hata barabara ikiwa nzima, fundi wa kutoka mbali analipiwa nauli, analipiwa posho na chumba, anafungua mashine, anaona kinahitajika kipuri ambacho hakukibeba, anarudi. Hiyo ni safari ya kwanza.

Wamisionari wa Kibenediktini walilijua jambo hili zamani. Walipokaa Ndanda, pamoja na hospitali waliweka karakana, wakaweka na mafundi wa bomba, wa umeme na wa chuma, wakawafundisha vijana wa Kimakua na Kimakonde kazi hizo. Hatukubaliani na kila jambo la misheni, na chama chetu kina historia yake na hao mabwana. Lakini katika hili walikuwa na akili ya mkulima: hununui jembe ukakosa tupa ya kulinolea.

Sasa nije kwenye maisha ya fundi mwenyewe, maana hapa ndipo penye kidonda. Muuguzi ana baraza lake. Mfamasia ana baraza lake. Mhandisi wa barabara ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na akisimama mbele ya watu huitwa Mhandisi Fulani. Mtu wa vifaa tiba yuko katikati ya mlango: kwa wahandisi yeye ni mtu wa hospitali, na kwa waganga yeye ni mtu wa spana. Akiketi katika kikao cha hospitali huulizwa habari za jenereta na bomba la choo. Mashine mpya zinunuliwapo, mara nyingi huitwa zikiwa zimekwisha kufika, aje azifungue makasha. Kumbe angeitwa tangu mwanzo angesema hii haina vipuri nchini, hii haiwezi umeme wetu, hii tunazo tatu za kampuni nyingine na mafundi wanazijua, tununue hizo hizo. Kijana wa namna hiyo, mwenye akili ya umeme na ya tiba, hakai miaka mingi. Makampuni yanayouza mashine yanamwona, yanampa gari na mshahara, naye anakwenda Dar es Salaam kuuza zile zile alizopaswa kutunza. Simlaumu. Mimi ningekuwa na miaka yake na watoto wake huenda ningepanda basi lile lile.

Na tusimdhanie kuwa ni mtu wa kufunga na kufungua tu. Huko Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, waganga walikuwa wakipoteza watoto wachanga kwa kukosa mashine ya kuyasaidia mapafu, kwa kuwa ile ya Ulaya ilikuwa ghali mno. Wahandisi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani walikaa na waganga hao, wakabuni mashine nyepesi, na sampuli ya kwanza waliitengeneza kwa pampu za kawaida zinazotumika kupulizia hewa katika matangi ya kioo ya kufugia samaki. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, watoto 71 katika kila mia waliotibiwa kwa mashine hiyo walipona, wakati waliopewa oksijeni ya kawaida walipona 44 katika mia. Uhandisi wa vifaa tiba ni huo. Kwa nini fikra ya namna hiyo isizaliwe siku moja Mtwara? Shule ya Sekondari ya Ufundi Mtwara ipo, VETA ipo, na watoto wanaofungua redio za baba zao tangu wakiwa na miaka kumi wako kila kijiji. Nataka waonwe na wasichana pia. Kazi hii yataka jicho kali na mkono mtulivu, haitaki kifua kipana.

Kuhusu fedha, msitishwe. Yasemwa na wenye ujuzi kwamba matunzo ya kifaa kwa mwaka hugharimu kati ya sehemu tano na kumi kwa mia ya bei yake. Atakayesema hizo ni nyingi, na ahesabu bei ya kununua kifaa kipya kila baada ya miaka mitatu wakati kingedumu kumi. Wahenga walisema kitunze kidumu, na hawakuwa na idara ya mipango.

Na fedha zipo hapa hapa. Gesi ya Msimbati hupita mlangoni petu. Mtambo wa kuisafisha uko Madimba, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Twakumbuka mwaka 2013 na machungu yake, vijana walipouliza Kusini itapata nini, na damu ikamwagika. Sikubaliani na kuchoma nyumba za watu. Swali lenyewe lakini lilikuwa halali, na sehemu ya jibu lake ni ujuzi. Halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na gesi, na ushuru wa mazao kutokana na korosho. Ningependa kuona kila mwaka sehemu ndogo ya ushuru huo ikiwasomesha vijana watano wa wilaya hii, wasichana wakiwamo, stashahada ya vifaa tiba, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi hapa miaka isiyopungua mitano. Warudi wakute nini? Wakute karakana yenye meza, kipimo cha oksijeni, kipimo cha umeme, na stoo ya vipuri vidogo: vichujio, fyuzi, mipira ya majungu ya mvuke, nyaya za vipimo vya kidoleni. Wakute ngazi ya cheo inayopanda, na kiti katika kikao cha manunuzi. Pasipo hayo tutakuwa tumewasomeshea makampuni ya Dar es Salaam.

Neno moja juu ya misaada. Meli na makontena huja na vifaa vilivyotumika ng'ambo, na sisi kwa adabu yetu ya kukirimiwa hatuwezi kukataa. Shirika la Afya Duniani lenyewe limekwisha kutoa mwongozo kwamba mpokeaji aulizwe anachohitaji, na kifaa kije na kitabu chake na uwezekano wa kupata vipuri. Basi tuufuate. Kifaa kisicho na kitabu cha matengenezo, au kinachotumia umeme wa namna nyingine, kirudishwe kwa shukrani. Kutupiana takataka si udugu, hata zikija na bendera.

Najua Serikali ina mengi, na najua wizara imekwisha kuweka nafasi hizi katika ajira zake. Lakini wizara iko Dodoma, na friji ya chanjo iko kijijini. Kazi ya Chama ni kuuliza kutoka chini. Madiwani watakapokaa kupitisha bajeti ya mwaka ujao, wanachama wa Ziwani, Madimba, Msimbati na Mahurunga wamwulize kila mmoja diwani wake: fungu la matengenezo ya vifaa vya zahanati ni shilingi ngapi, fundi wa wilaya ni nani, ana usafiri gani, na mara ya mwisho alifika lini kijijini kwetu. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa tawi, na nakala ibandikwe ukutani kwenye zahanati, karibu na mizani ya watoto, ili mama anayengoja zamu yake ayasome.